Kuulinda ubongo katika msimu wa tumbaku: mwongozo kwa wakulima wa Tabora

Mkulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua, Sikonge au Uyui huuanza msimu kwa kuinua matuta juani kabla mvua hazijashika, huendelea kwa kupiga dawa, kukata maua na kuchuma majani yenye umande, kisha humalizia kwa kukesha kando ya bani, yaani nyumba ya kukaushia majani, ambalo moto wake hauruhusiwi kuzimika usiku wala mchana. Katika kila hatua ya kazi hiyo kuna kitu kinachougusa mfumo wake wa fahamu: joto, nikotini, sumu ya wadudu, moshi, kukosa usingizi, na mara nyingine pigo la kichwa. Vitu hivyo havina asili moja, lakini vyote huishia kuvuruga jambo lilelile, yaani upitishaji wa ishara kutoka seli moja ya neva kwenda nyingine. Dalili zake za mwanzo nazo hufanana: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na mwili kulegea. Ndiyo maana mgonjwa hupewa dawa ya malaria akiwa nyumbani, akalala, na kesho yake akarudishwa shambani kwenye chanzo kilekile kilichomwangusha.

Nimeandika mwongozo huu ili mkulima, mwenzi wake na vijana wanaowasaidia waweze kutambua ni hatua gani ya ishara iliyoguswa, kwa sababu linalopaswa kufanywa katika dakika za kwanza hutegemea hilo. Aliyevuta moshi anahitaji hewa safi kabla ya kitu kingine chochote. Aliyemwagikiwa dawa ya wadudu anahitaji kuvuliwa nguo na kuoshwa wakati pikipiki inatafutwa, si baada ya kufika zahanati. Aliyezidiwa na joto akipewa vidonge vya homa badala ya kumwagiwa maji, muda wake unapotea bure.

Ishara inavyosafiri

Seli ya neva inapokuwa imetulia, upande wake wa ndani huwa na chaji hasi ukilinganishwa na nje, kwa kiasi cha takriban milivolti 70. Hali hiyo hudumishwa na pampu zilizo kwenye utando wa seli, ambazo kila mzunguko hutoa nje ioni (chembe zenye chaji) 3 za sodiamu na kuingiza ndani ioni 2 za potasiamu. Ishara inapopita, milango ya sodiamu hufunguka, sodiamu huingia kwa kasi, na chaji hugeuka kuwa chanya kwa muda wa takriban milisekunde 1. Kisha milango hiyo hujifunga na ile ya potasiamu hufunguka ili seli irudi katika utulivu wake. Waingereza Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliueleza utaratibu huu mwaka 1952 baada ya kupima neva nene ya ngisi, na mwaka 1963 walipata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Katika neva nene zenye ala ya mafuta, ishara inaweza kwenda hadi mita 120 kwa sekunde.

Ikifika mwisho wa neva, ishara hukutana na nafasi nyembamba sana, ya takriban nanomita 20, inayoitwa sinapsi. Hapo umeme kwa kawaida hauvuki. Kinachovuka ni kemikali. Mtafiti Otto Loewi alilithibitisha jambo hilo mwaka 1921 kwa mioyo ya vyura, na kemikali aliyoigundua ndiyo tunayoiita asetilikolini, ambayo huwasiliana na misuli, tezi, moyo na sehemu nyingi za ubongo. Asetilikolini hutua kwenye vipokezi vya upande wa pili, huviamsha, kisha papo hapo huvunjwa na kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi ili nafasi iwe wazi kwa ishara inayofuata. Ndani ya ubongo zipo kemikali nyingine nyingi, na mbili zitatajwa tena huko mbele: glutamati, ambayo huchochea seli, na gaba, ambayo huzituliza.

Kwa hiyo msomaji ashike mambo matatu. Pampu zinahitaji oksijeni na sukari bila kukatika, kwani ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Milango inapaswa kufunguka na kufungwa kwa wakati wake. Na kemikali iliyokwisha kufikisha ujumbe inapaswa kuondolewa. Kila hatari ya msimu wa tumbaku huharibu mojawapo ya mambo hayo, au zaidi ya moja.

Jani bichi

Nikotini ambayo mvutaji huitafuta kwenye sigara imo tayari ndani ya jani bichi, nayo huyeyuka katika maji. Jani lenye umande au lililonyeshewa huibeba juu yake, na mchumaji anayepita kati ya matuta huku amebana fungu la majani kwapani hulowana mikono, ubavu na mapaja. Kutoka hapo nikotini hupenya ngozi hadi kwenye damu. Vipimo vilivyofanywa Marekani katika miaka ya 1970 vilionyesha kwamba mililita 100 za umande wa majani hayo zinaweza kuwa na hadi miligramu 9 za nikotini. Madaktari wa Florida waliueleza ugonjwa wa wachumaji hao katika maandishi ya kitabibu mwaka 1970.

Nikotini hushabihiana na asetilikolini kiasi cha kuweza kutua kwenye baadhi ya vipokezi vyake, lakini kimeng'enya kinachoivunja asetilikolini hakiwezi kuivunja nikotini. Kipokezi huamshwa, hubaki kimeamshwa, na dozi ikiwa kubwa hatimaye huacha kuitikia kabisa. Hapo ndipo dalili zinapotoka: kwanza kichefuchefu, jasho na moyo kwenda mbio, kwa kuwa eneo la ubongo linaloamuru kutapika halikufunikwa na kizuizi kinachotenganisha damu na ubongo, baadaye uso kupauka, kizunguzungu, tumbo kusokota na misuli kuishiwa nguvu. Kwa kawaida dalili huanza saa kadhaa baada ya kazi, mara nyingi jioni au usiku, na huisha ndani ya siku 1 hadi 3 mtu akiacha kugusa majani. Anayevuta sigara huhisi dalili kidogo kwa sababu vipokezi vyake vimezoea, lakini nikotini inaingia mwilini mwake vilevile, hivyo uvutaji usihesabiwe kuwa kinga.

Kinga ya kwanza ni saa ya kuchuma. Umande ukiachwa ukauke, hata kama kazi itaanza saa tatu au saa nne asubuhi badala ya alfajiri, sehemu kubwa ya hatari huwa imeondoka. Ninajua kwamba bani likishaandaliwa na vibarua wakiwa wamefika, kusubiri ni kugumu. Siku kama hiyo anayeingia shambani avae koti la mvua au aproni ya nailoni inayofunika kifua hadi magoti, na alivue jua linapopanda na majani kukauka, kwa sababu nailoni juani huzaa tatizo jingine litakaloelezwa hapo chini. Glavu za kitambaa zinazofyonza maji ni mbaya kuliko kukosa glavu, kwani huilaza nikotini juu ya ngozi kwa saa nyingi. Shati lililolowa libadilishwe kabla ya chakula cha mchana, lisikaushwe mwilini.

Itazame mikono ya mchumaji mwisho wa siku. Ina gundi nyeusi iliyoshika kwenye mikunjo ya vidole, kuzunguka kucha na kwenye viganja, na gundi hiyo ni akiba ya nikotini inayoendelea kuingia mwilini hata baada ya kazi. Mwili hupunguza nikotini iliyomo katika damu kwa nusu katika muda wa takriban saa 2, lakini upunguzaji huo hauna faida ikiwa ngozi inaendelea kuleta mpya. Osha kwa sabuni na maji mengi, ukisugua kwa kitambaa chakavu. Povu la kwanza hutoka na rangi ya kijani au njano; suuza na urudie mpaka povu litoke jeupe. Fanya hivyo kabla ya kula, kabla ya kumshika mtoto na kabla ya kulala. Kwa maoni yangu kipande cha sabuni na dumu la maji vilivyowekwa pembeni mwa shamba vina thamani kuliko kifaa kingine chochote cha kinga ambacho mkulima mdogo anaweza kumudu, na chama cha msingi cha ushirika kinachokopesha mbolea hakishindwi kukopesha sabuni.

Maua yanapokatwa, mmea huongeza nikotini katika majani yaliyobaki, na majani ya juu huwa nayo nyingi kuliko ya chini. Kwa hiyo mtu aliyechuma duru za mwanzo bila shida asishangae kuugua katika duru za mwisho.

Watoto na wajawazito wasichume wala kufunga majani mabichi kwenye fito. Mtoto ana uzito mdogo, hana mazoea yoyote ya nikotini, na ubongo wake bado unajijenga kwa kutumia vipokezi vilevile ambavyo nikotini huvivamia. Kwa mjamzito, nikotini huvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto aliye tumboni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi zenye madhara kwa walio chini ya miaka 18, na kazi ya jani bichi ina madhara hata pale mtoto anapoifanya katika shamba la baba yake mzazi.

Dawa za wadudu

Sehemu hii naiandika kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo inayoua haraka. Dawa nyingi za wadudu zilitengenezwa makusudi kushambulia neva za wadudu, na neva za binadamu hufanya kazi kwa kanuni zilezile. Kinachotulinda ni ukubwa wa mwili, kasi ya ini kuvunja sumu, na tofauti ndogondogo za vipokezi. Kinga hiyo huzidiwa dozi inapokuwa kubwa.

Kundi la kuogopwa zaidi ni organofosfeti. Ukisoma kiambato hai kwenye lebo, mengi ya majina ya kundi hili huishia kwa herufi «fos». Sumu hii hukikamata kimeng'enya cha asetilikolinesterasi na kukizima, na baada ya muda kifungo hicho hakivunjiki tena. Asetilikolini hubaki kwenye sinapsi kama mjumbe aliyekwisha kuisoma barua lakini akakataa kuondoka mlangoni, akairudia tena na tena mpaka wenyeji wachanganyikiwe. Tezi hutiririka: mate, machozi, jasho na kamasi ya kifuani. Mboni za macho husinyaa na kuwa kama ncha ya sindano. Tumbo husokota, mgonjwa huhara, na mkojo hutoka bila hiari. Misuli hutetemeka chini ya ngozi, kisha hulegea, na ikilegea ile ya kupumulia mtu hufa. Katika ubongo hutokea wasiwasi, kuchanganyikiwa, degedege na kupoteza fahamu. Kundi la kabameti hufanya vilevile, isipokuwa hukiachia kimeng'enya baada ya saa kadhaa.

Pirethroidi, ambazo majina yake mengi huishia kwa «thrin», hazigusi kimeng'enya hicho. Huizuia milango ya sodiamu isijifunge kwa wakati, hivyo neva moja hutoa ishara nyingi pale ilipopaswa kutoa moja. Ndiyo sababu uso uliorushiwa dawa hiyo huwaka na kuwashwa kama umechomwa pilipili, hata pasipo kidonda. Dawa za kundi hili hutumika pia kwenye vyandarua, kwa kiasi kidogo kisichomdhuru alalaye. Kundi jipya kuliko hayo ni neonikotinoidi, ambazo zinalenga vipokezi vilevile vya nikotini, ingawa hushika vya wadudu kwa nguvu zaidi kuliko vya binadamu. Yapo pia mabaki ya dawa za zamani, kama endosulfani, ambazo huzuia kazi ya gaba, na ubongo ukikosa kitulizo hicho huingia katika degedege. Endosulfani iliwekwa katika orodha ya Mkataba wa Stockholm mwaka 2011 ili iondolewe duniani. Kama kuna chupa yake stoo, isitumike, bali bwana shamba aulizwe namna ya kuikabidhi.

Kabla ya kununua, tazama mstari wa rangi chini ya lebo. Nyekundu ni ya sumu kali kupita zote, njano inafuata, kisha bluu, na kijani ni ya hatari ndogo. Kama kazi inaweza kufanywa na yenye mstari wa bluu au kijani, hakuna sababu ya kuchukua ya njano. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda au ya maji isinunuliwe kwa bei yoyote, kwa kuwa haina lebo na siku moja itanywewa na mtoto.

Bomba la mgongoni lina kasoro moja ambayo wengi wameizoea. Mpira wa mfuniko ukichakaa, kila mpigaji anapoinama matone hutoka juu, hupita shingoni na kushuka mgongoni hadi kiunoni, ambako mkanda wa suruali huyazuia yakae. Mtu huyo atafanya kazi saa tatu akidhani ni jasho. Kwa hiyo jaza bomba maji matupu kwanza, lifunge, livae, inama mara kadhaa na utembee hatua chache, kisha mwombe mwenzako akutazame mgongo. Ukilowa, badilisha mpira kabla ya kuweka dawa. Kagua pia kiungio cha mpira wa kupulizia na kishikio chake. Pua ya bomba ikiziba, isafishe kwa maji na mswaki chakavu. Usiipulize kwa mdomo kamwe.

Changanya dawa mahali pa wazi, upepo ukiwa nyuma yako, kwa fimbo na si kwa mkono, ukiwa umevaa glavu za mpira, buti, suruali iliyoshushwa nje ya buti na shati la mikono mirefu. Dawa isiyochanganywa ni hatari mara nyingi zaidi kuliko iliyomo kwenye bomba, na wengi huipata wakati wa kupima kwa kizibo. Piga asubuhi na mapema au jioni, upepo ukiwa umetulia. Mchana ngozi huwa na joto na jasho, damu huwa karibu na ngozi, na sumu hupenya kwa wepesi zaidi. Usirudi kwenye ulichopiga kabla ya muda ulioandikwa kwenye lebo kupita. Nguo za kupigia dawa zifuliwe peke yake, na anayezifua, ambaye mara nyingi ni mama wa nyumba, avae glavu pia.

Mtu akianguka, aliye karibu avae glavu au mifuko ya nailoni mikononi, amtoe mgonjwa eneo la dawa, amvue nguo zote zilizolowa na kumwosha kwa sabuni na maji mengi, pamoja na nywele, nyuma ya masikio na chini ya kucha. Macho yasafishwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Asilazimishwe kutapika, asipewe maziwa wala mafuta. Imani ya kwamba maziwa huvunja sumu imewachelewesha wengi. Akiwa hana fahamu lakini anapumua, alazwe kwa ubavu. Chupa ya dawa au picha ya lebo yake iende pamoja naye.

Hospitalini atapewa atropini, ambayo huvifunika vipokezi vya tezi, moyo na njia ya hewa ili asetilikolini iliyozidi isivifikie, na dozi hurudiwa mpaka kifua kikauke. Atropini haiwezi kurudisha nguvu za misuli, kwa sababu misuli hutumia vipokezi vya aina nyingine. Kati ya saa 24 na 96 baada ya sumu, mgonjwa aliyekwisha kuonekana kupona anaweza kulegea tena shingo, mabega na misuli ya kupumua. Kwa hiyo ndugu wasiombe ruhusa mapema. Mwambie mgonjwa ainue kichwa kutoka kwenye mto. Akishindwa, muuguzi aitwe wakati huohuo, hata kama mgonjwa anazungumza vizuri.

Bani na kukesha

Kukausha tumbaku ya mvuke huchukua takriban wiki moja, na katika siku za mwisho joto ndani ya bani hupandishwa hadi karibu nyuzi 70 ili ukano wa jani ukauke. Moto wa magogo unaowaka kwa hewa finyu hutoa kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Hemoglobini ya damu huishika gesi hiyo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Ubongo ukipungukiwa oksijeni, pampu za seli hukosa nishati, chaji ya utando hupotea, glutamati humwagika ovyo, na kalsiamu huingia kwa wingi ndani ya seli na kuanza kuiua.

Nyufa za tanuri na za mabomba ya kupitishia moshi zizibwe kwa udongo kabla ya kila moto mpya, si mara moja kwa msimu. Kabla ya kuingia kuangalia majani, milango na matundu yafunguliwe kwa muda, na mtu asiingie akiwa peke yake. Anayelinda moto asilale kwenye kibanda kilichozungushiwa nailoni mbele ya mdomo wa tanuri, hata mvua ikinyesha. Paa linatosha, kuta ziachwe wazi. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya chumba cha kulala kwa ajili ya baridi.

Kinachoitofautisha sumu hii na malaria ni kwamba watu kadhaa waliokaa mahali pamoja huumwa kichwa kwa wakati mmoja, hawana homa, na hupata nafuu wakitoka nje. Mtoe mgonjwa kwenye hewa safi na umpeleke kituo chenye oksijeni, kwa kuwa katika hewa ya kawaida gesi hiyo hupungua kwa nusu katika saa 4 hadi 5, na kwa oksijeni tupu ni katika saa 1 hadi 1 na nusu. Mhudumu aambiwe wazi kwamba mgonjwa alikuwa kwenye moshi, maana kifaa cha kubana kidoleni cha kupimia oksijeni hakiwezi kuitofautisha gesi hii na oksijeni na kinaweza kuonyesha kipimo cha kawaida. Katika wiki zinazofuata ndugu waangalie kama anasahau, anabadilika tabia au anayumba akitembea. Madhara hayo huweza kujitokeza baada ya siku kadhaa za kuonekana mzima, na ni sababu ya kumrudisha hospitali.

Kukesha kwenyewe nako ni mzigo. Mtu akiwa macho, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya katika ubongo na kuzipunguza kasi seli zinazomweka makini. Kahawa hufunika vipokezi vya adenosini kwa saa chache bila kuiondoa. Kinachoiondoa ni usingizi. Zamu za usiku zigawanywe, na aliyekesha asipewe kazi ya kupiga dawa wala kuendesha pikipiki asubuhi yake.

Joto na pigo la kichwa

Joto kali la Tabora hushika Septemba na Oktoba, wakati wa kuandaa mashamba. Joto la ndani ya mwili likizidi nyuzi 40, upitishaji wa ishara katika ubongo huvurugika, na mtu huanza kusema maneno yasiyoeleweka, kuyumba au kupata degedege. Mpeleke kivulini, mvue nguo za nje, mmwagie maji mwili mzima na umpepee bila kusita mpaka afikishwe hospitali. Vidonge vya kushusha homa havisaidii joto la aina hii. Kwa kinga, kunywa maji mara kwa mara na usiache chumvi. Anayetoka jasho siku nzima na kunywa maji matupu mengi sana hupunguza sodiamu ya damu, seli za ubongo huvimba, na dalili huwa zilezile za kichwa kuuma na kuchanganyikiwa. Maji ya chumvi-sukari ya pakiti yanafaa.

Aliyeanguka kutoka juu ya trekta la magogo au kwenye bodaboda na kupigwa kichwa, hata asipozimia, neva zake zimevutwa: potasiamu imevuja, glutamati imemwagika, na pampu zinafanya kazi ya ziada kwa siku kadhaa. Apumzike siku 1 hadi 2 na asirudi kwenye hatari ya pigo la pili kabla dalili hazijaisha. Akitapika tena na tena, akisinzia kupita kawaida, mboni za macho zikitofautiana ukubwa, akipata degedege au maji maangavu yakimtoka puani au sikioni, apelekwe hospitali bila kusubiri kupambazuke.

Zahanati, na kurudi kazini

Malaria ipo Tabora na huathiri ubongo pia, kwa hiyo kipimo cha haraka cha malaria kifanyike daima. Lakini majibu yakiwa hasi, dawa ya malaria isimezwe kwa mazoea, na yakiwa chanya, habari za sumu zisifichwe. Mhudumu hawezi kukisia kilichotokea shambani. Maneno kama haya yanamsaidia kuliko maelezo marefu: «Shikamoo daktari. Kijana wangu alipiga dawa tangu saa mbili hadi saa sita, bomba lilikuwa linavuja mgongoni, alianza kutokwa mate na kutapika saa nane, tumemwosha, na chupa yenyewe hii hapa.» Ikibidi apewe rufaa kwenda hospitali ya wilaya au Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa, maneno hayohayo yaandikwe kwenye karatasi ya rufaa.

Aliyepona sumu ya organofosfeti hujisikia mzima mapema kuliko neva zake zilivyopona. Kimeng'enya kilichozimwa hakifufuki; mwili hutengeneza kipya, na kile cha kwenye chembe nyekundu za damu hurudi kwa takriban asilimia 1 kwa siku, hivyo kurejea kikamilifu kunaweza kuchukua miezi 3 hadi 4. Katika kipindi hicho dozi ndogo ambayo zamani haikumdhuru inaweza kumlaza tena. Abaki na kazi za kupalilia, kupanga madaraja ya majani makavu na kufunga marobota, na bomba libebwe na mtu mwingine mpaka msimu uishe.